Nani Kaiba Waifai ya Mama? Kisa cha Kebo ya 1879, Kidaka na Jirani wa Juu

Wadau wangu, leo sina umbea wa msanii. Yaani ninao, tena wa moto, lakini huu wa leo mtamu zaidi maana umetokea nyumbani kwetu, Malindi, Mji Mkongwe. Majina yote nayahifadhi kwa sababu wahusika wanasoma hapa na mmoja wao ndo kanizaa.

Kisa chenyewe ni hiki. Mwaka jana kaka yangu aliyeko Muscat alioa. Nauli ya kupeleka familia nzima haikuwepo, kwa hiyo tukakubaliana nikahi tutaitazama kwa simu ya video. Mama kavaa gauni jipya, kafukiza udi nyumba nzima kama vile wageni watatokea kwenye kioo cha simu, mashoga zake wanne wamejipanga ukumbini, ghorofa ya kwanza. Shekhe kaanza khutba, sauti safi, picha safi. Ikafika pale bwana harusi anapotakiwa kujibu. Kaka kafungua mdomo, na picha ikaganda. Kiduara kinazunguka. Kinazunguka. Tuliporudi hewani watu wanakula halua.

Mama hakumsikia mwanawe akisema "nimekubali". Alilia, nyie.

Machozi yalipokauka akanyanyua uso, akatazama dari. Juu yetu, ghorofa ya pili, anakaa jirani mwenye vijana wawili wanaocheza gemu usiku kucha. "Wameniibia waifai yangu." Basi. Kuanzia siku ile salamu ikakatika. Watu wamekaa nyumba moja miaka 18, wameuguziana watoto, wamezikiana wazazi, sasa wanapishana kwenye ngazi kama paka wa Darajani. Wiki tatu nzima.

Mie ndo ninayehesabiwa kujua "mambo ya kompyuta" pale nyumbani, kisa niliwahi kubadilisha mlio wa simu ya mama. Nikapewa kazi: mkamate mwizi. Nilivyoanza kumtafuta nikajikuta nasoma historia mpaka usiku wa manane, maana kumbe hapa Unguja watu wanahangaika kutafuta mahali waya ulipokatikia tangu enzi za Seyyid Barghash, na kosa alilofanya mama lilishafanywa na Mwingereza mmoja mwaka 1858. Twende taratibu.

Lawama kwa bahari

Waifai ikizingua, mtaani utasikia dhana mbili. Ya kwanza ni jirani. Ya pili ni "kebo ya baharini imekatika". Hii ya pili ina heshima yake kwa sababu imeshawahi kuwa kweli. Mnaikumbuka Jumapili ya Mei 12, 2024? Mtandao ulilala ghafla Tanzania nzima. Watu wanazima ruta wanawasha, wanazima wanawasha, wengine wamebadilisha hadi laini. Kumbe kebo mbili za chini ya bahari, Seacom na EASSy, zilikuwa zimekatika huko Afrika Kusini, kaskazini ya Durban. Hata ungeizima ruta yako mara mia isingesaidia kitu, meli ya kutengeneza ilibidi itoke Cape Town.

Sasa shika hilo jina, Durban, afu rudi nyuma miaka 145.

Januari 22, 1879, jeshi la Wazulu liliwapiga Waingereza vibaya sana pahala panaitwa Isandlwana. Waingereza wakati ule ndo wababe wa dunia, lakini habari ya kipigo ilichukua karibu wiki tatu kufika London. Kwa nini? Kwa sababu waya wa telegrafu haukuwa umefika kusini mwa Afrika. Barua ilibidi ipande meli hadi visiwa vya Atlantiki palipokuwa na waya, ndipo itumwe. Serikali yao ikapata aibu na hofu kwa pamoja, na mpango wa waya ambao ulikuwa unazungumzwa zungumzwa ukapata pesa haraka. Kabla 1879 haijaisha kampuni ya Eastern and South African Telegraph ilikuwa imeshalaza kebo kutoka Aden kuja Zanzibar, kwenda Msumbiji, hadi Durban.

Kwa hiyo kisiwa chetu kiliunganishwa na dunia kwa sababu ya mikuki ya Wazulu. Hakuna aliyenifundisha hili darasani, na mie historia nilipata C.

Waya ulikuwa unaingia mjini upande wa Shangani. Ukipita leo pale ilipo hoteli ya Serena, sehemu ya jengo lile ilikuwa ofisi za mawasiliano ya nje. Wageni wanakunywa juisi ya ukwaju barazani kwenye jengo ambalo zamani ujumbe wa dunia nzima ulikuwa unapita kwa tik tik tik.

Na usidhani zilikuwa salamu za Idi tu. Agosti 25, 1896, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ruhusa ya Waingereza. Balozi wao hapa, Basil Cave, alituma telegramu London kwa Lord Salisbury kuuliza kama anaweza kulipiga kasri kwa mizinga ya meli. Jibu likarudi kwa waya. Asubuhi ya Agosti 27 mizinga ikaanza kama saa tatu, na chini ya dakika 45 kazi imekwisha. Watu wapatao 500 upande wa Khalid walikufa au kujeruhiwa. Wenzetu huko mitandaoni wanaichekea kama "vita fupi kuliko zote duniani". Mie nikifikiria kwamba idhini ilipitia kwenye waya ule ule, sicheki. Bila waya, Cave angesubiri wiki kadhaa, au angeamua kivyake, na nani anajua ingekuwaje. Tuyaache.

Ninachotaka mshike ni hiki. Wale mafundi wa telegrafu walikuwa na tatizo letu hili hili. Ujumbe haufiki. Kati ya hapa na Aden kuna bahari tupu na waya uko chini kwenye kiza. Utajuaje umekatikia wapi? Huwezi kuuvuta wote. Walichofanya ni kupima kutoka ufukweni. Walijua kila maili ya waya inaukaza umeme kwa kiasi gani, kwa hiyo wakipitisha umeme kidogo na kupima ukinzani, wanapiga hesabu: hitilafu iko maili kadhaa kutoka hapa. Ndipo meli inakwenda pale pale na ndoano. Leo kwenye faiba wanapiga mwanga badala ya umeme, wanahesabu muda unaochukua kurudi, lakini akili ni ile ile. Kwanza jua ni wapi, ndipo uguse.

Sisi tunafanya kinyume. Tunagusa kwanza. Tunamgusa na jirani.

Mwingereza wa 1858 na kifurushi cha mama

Kabla sijaanza uchunguzi wangu mama alikuwa ameshachukua hatua. Alipanda kifurushi. Alikuwa analipia megabiti 10 kwa sekunde, akaenda ofisini kwa watoa huduma, akarudi analipia 20. Pesa karibu mara mbili kila mwezi, kwa mjane anayeuza mikate ya kumimina. Ukumbini hali ikabaki vile vile. Kaka akipiga simu kutoka Muscat anaonekana kama picha ya pasipoti.

Sasa sikilizeni hii. Mwaka 1858 ilifunguliwa kebo ya kwanza kuvuka Atlantiki, kati ya Ayalandi na Amerika. Agosti 16 Malkia Victoria akamtumia salamu Rais Buchanan wa Marekani. Salamu ya maneno chini ya 100 ilichukua karibu saa 16 kupita. Ilikuwa dhaifu mno. Fundi mkuu wa umeme, bwana mmoja anaitwa Wildman Whitehouse, taaluma yake hasa ni daktari wa upasuaji, akaona dawa ni nguvu. Akaongeza umeme, volti kama 2000. Kebo ambayo tayari ilikuwa na madoa yake ikaungua. Haikumaliza mwezi. Mwenzie William Thomson, yule aliyekuja kuitwa Lord Kelvin, alikuwa anasema kinyume: punguza nguvu, tengeneza kipimo chenye macho makali zaidi. Alibuni kifaa chenye kioo kidogo kinachotikisika hata kwa umeme mdogo sana. Kebo iliyofanikiwa mwaka 1866 ilifuata akili ya Thomson.

Mama ndo Whitehouse wa Malindi. Nilimwambia hivyo, akaniuliza huyo Whitehouse ni mtoto wa nani.

Tatizo liko hivi: ukipanda kifurushi unaongeza kinachofika kwenye ruta. Hakigusi kabisa kinachotoka kwenye ruta kuja kwenye simu yako. Ni kama bomba la maji limeziba jikoni afu unakwenda kununua tangi kubwa la kuweka juu ya paa.

Kwa hiyo nikagawa safari vipande vitatu kama mafundi wa zamani: bahari, waya wa mtaani hadi kwenye ruta, na hewa ya ndani ya nyumba. Kipande cha kwanza ni rahisi. Kama kimekatika, mji mzima unalalamika, huhitaji uchunguzi. Mie nilikuwa mtoto mdogo kebo ya umeme inayotoka bara ilipofeli Mei 2008, karibu mwezi mzima Unguja kiza, na ikafeli tena Desemba 2009 hadi Machi 2010. Siku zile hakuna aliyemlaumu jirani kwamba kaiba umeme. Tulibeba ndoo za maji pamoja kwa sababu pampu zilikuwa zimelala.

Kipande cha pili nilikipima hivi. Kwanza taa za ruta. Kwenye faiba kuna taa imeandikwa LOS. Ikiwaka nyekundu, mwanga haufiki kwenye ruta, piga simu kwa watoa huduma na usihangaike na kitu kingine. Ya kwetu ilikuwa imezimika, maana yake salama. Afu nikachukua kompyuta mpakato, nikaichomeka kwa waya moja kwa moja kwenye ruta, hakuna waifai, nikapima spidi. Megabiti 19 na ushee. Yaani karibu zote 20 za mama zipo, zinafika mlangoni kwake kila siku.

Nikapanda ngazi hadi ukumbini na simu mkononi. Nikapima. Megabiti moja na nusu.

Hapo moyo ukanienda mbio. Kama kweli jirani angekuwa anakula, hata pale kwenye waya ningekuta pungufu. Hitilafu iko kati ya ruta na ukumbi. Mita kama 8 hivi.

Visiwa vingine, waifai yenyewe

Nipenyeze hapa kidogo, maana kuna staa. Mmeshaona zile picha za Hedy Lamarr, mwigizaji mrembo wa Hollywood, zimeandikwa "mwanamke aliyebuni waifai"? Ni nusu ukweli. Yeye na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza Marekani Agosti 1942 kwa wazo la mawimbi yanayoruka kutoka masafa hadi masafa ili adui asiyanase, kwa ajili ya torpedo za kivita. Kanuni za kwanza za waifai zilizotoka 1997 ziliruhusu njia inayofanana na hiyo kama mojawapo, lakini waifai iliyosambaa majumbani ilitumia njia nyingine. Heshima yake apewe, ila sifa nyingine kapewa na kurasa za Instagram.

Asili ninayoipenda mie ni ya Hawaii. Mwaka 1971 profesa Norman Abramson na wenzake wa chuo kikuu cha pale walikuwa na kompyuta kubwa kisiwa kimoja na watu wanaoihitaji wako visiwa vingine. Waya wa simu ulikuwa ghali na mbovu. Wakatumia redio. Mtandao wao waliuita ALOHAnet. Kila mtu alikuwa anarusha ujumbe wake anapotaka. Kama wawili wamerusha kwa pamoja na ujumbe ukagongana, kila mmoja anasubiri muda wa kubahatisha afu anajaribu tena. Waifai ya leo ni kitukuu cha kile, ila imeongeza adabu: inasikiliza kwanza kama hewa iko kimya ndipo inasema.

Mfikirie baraza lenye watu kumi wenye adabu. Kila mmoja anasubiri mwenzie amalize. Ndo hali ya Mji Mkongwe usiku. Simu yangu ukumbini inaona mitandao 14 ya majirani, nusu yake nyumba za wageni. Yote inazungumza kwenye masafa ya gigahezi 2.4, na kule kuna chaneli tatu tu ambazo hazilaliani, namba 1, 6 na 11. Nilipoangalia, majirani karibu wote wako kwenye 6 na sisi pia tuko kwenye 6. Nikaingia kwenye ruta nikatuhamishia 11. Ukumbini ikapanda hadi megabiti 3. Afadhali, lakini mwizi bado hajapatikana.

Nikiwa humo humo ndani ya ruta nikafungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Mama kasimama nyuma yangu, mikono kiunoni. Tisa. Simu ya mama, yangu, ya mdogo wangu, kompyuta, tableti ya watoto, na kadhalika. Kimoja kina jina la ajabu, herufi na namba tupu. "Huyo!" mama kasema. "Huyo ndo wa juu!" Nikamfungia. Sekunde ile ile mdogo wangu kapiga kelele kutoka chumbani kwamba tamthilia ya Kituruki imekatika. Mwizi alikuwa televisheni ya mama mwenyewe.

Hakusema kitu. Alikwenda jikoni akaanza kuosha vyombo vilivyo safi.

Kidaka

Sasa turudi kwenye zile mita 8, ndo penye utamu.

Nyumba yetu ni ya zamani, kama nyingi za Mji Mkongwe. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake kwetu ni zaidi ya nusu mita, nimepima kwa futi ya fundi cherehani. Dari zake zinashikwa na boriti za mikoko, na hapo kuna jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Boriti ya mkoko haizidi urefu fulani. Ndo maana vyumba vya nyumba hizi ni virefu lakini vyembamba, upana wake hauzidi sana mita 3. Mjenzi hakuwa na boriti ndefu zaidi, kwa hiyo kila baada ya hatua chache lazima asimamishe ukuta mwingine mnene wa kushika boriti nyingine. Hizo boriti zilitoka Rufiji kwa majahazi, na nyingi zilipita hapa zikaenda kuezeka nyumba za Omani na Ghuba, huko huko kaka alikoolea.

Nyumba kama hii ni nzuri kwa joto. Kwa waifai ni gereza. Mawimbi ya waifai yanapita kwenye ukuta wa mbao au tofali jembamba bila shida sana, lakini jiwe nene linayala, na jiwe lenye unyevu linayala zaidi, maana maji yananyonya mawimbi hayo. Chokaa na matumbawe vinashika unyevu, hasa wakati wa masika. Ndo maana wapo wanaosema "mvua ikinyesha waifai yetu inalala". Wanachekwa, lakini wana haki. Na ile waifai ya gigahezi 5 ambayo ina spidi kubwa, ndo inashindwa na ukuta haraka zaidi. Ikiwa chumba kimoja na wewe ni farasi, nyuma ya kuta mbili imekata roho.

Na ruta yetu ilikuwa wapi? Kwenye kidaka.

Wa bara ambao hamjui, kidaka ni kile kishubaka kilichochongwa ndani ya ukuta mnene, zamani watu walikuwa wanapanga sahani za kaure, taa, misahafu. Chetu kiko chini, karibu na mlango mkubwa. Fundi aliyekuja kufunga faiba alitaka kumaliza haraka, na mama alitaka kitu chake cha gharama kikae pazuri. Wote wawili wakaridhika. Ruta ikawekwa kidakani, matumbawe nyuma, matumbawe kushoto, matumbawe kulia, mbele kuna vase, na juu yake mama kaifunika kitambaa cha kufuma ili isiingie vumbi. Ukiigusa ilikuwa ya moto kama chapati. Yaani tulikuwa tumeizika.

Sikutoboa ukuta. Nawaomba na nyie msitoboe hovyo, nyumba hizi ziko kwenye urithi wa dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, na ukitaka kufanya mabadiliko kuna Mamlaka ya Mji Mkongwe, waulizeni. Tena chokaa ya zamani ukiichokoza vibaya inamwagika yote.

Nilichofanya ni kukaa kwenye ngazi na kufikiria upepo. Mchana wa kaskazi, nyumba yetu ukumbi ndo chumba chenye ubaridi, kwa sababu hewa inaingia mlango mkubwa, inapanda na ua wa ndani, inaingia madirishani. Waliojenga walifungua njia ya upepo katikati ya kuta zote hizo. Basi waifai nayo ipite huko huko. Nikanunua waya wa mtandao wa mita 15, nikaupitisha kwenye pembe ya ngazi, haukugusa ukuta zaidi ya vibanio vinne. Ruta ya zamani iliyokuwa imelala kwenye droo nikaiweka juu, kwenye kibaraza kinachotazama ua, iwe mdomo wa pili wa ile ya chini. Ya chini nikaitoa kidakani, ikakaa juu ya kabati la viatu, haina kitambaa. Kidaka kikarudishiwa sahani za bibi.

Nikapima ukumbini, mlango ukiwa wazi. Megabiti 16.

Nikamwambia mama arudi kwenye kifurushi cha 10. Kwanza alikataa, akadhani namtania. Nikamuonesha kwamba simu ya video haili hata megabiti 4. Amerudi. Ile tofauti ya pesa ananunulia unga.

Jirani

Hapa nilidhani mambo yamekwisha, lakini waya ni rahisi kuunganisha kuliko watu. Mama hakutaka kwenda juu. "Nikaseme nini? Kwamba nimemsingizia kwa sababu ya kidaka?" Siku kumi zikapita. Mie nilitaka kwenda kumwambia jirani mwenyewe, mama akaniambia hilo si la watoto.

Ijumaa moja akakaanga visheti. Akajaza sahani, moja ya zile za bibi kutoka kidakani, akanipa. "Mpelekee wa juu. Sema vimebaki." Nikapanda. Jirani kaipokea, kaitazama ile sahani muda mrefu kuliko visheti, maana anaijua, haitolewi kwa wageni wa hivi hivi. Hakuuliza kitu. Jumamosi sahani ikarudi na katlesi nane, na mmoja wa wale vijana wa gemu akauliza kwa sauti ya chini kama naweza kwenda kuwaangalia waifai yao, maana inazingua sana na mama yao alikuwa anadhani sisi ndo tunaiiba.

Nilikwenda. Ruta yao iko nyuma ya friji.

Kaka, alivyosikia kisa chote, alijirekodi sauti akisema "nimekubali" akaituma kwa WhatsApp. Mama kasikiliza mara moja, kasema siyo yenyewe. Lakini shemeji ni mjamzito, inshallah mwezi wa tatu, na mama ameshaniuliza asimame sehemu gani ukumbini ili siku mtoto anaadhiniwa sikioni picha isigande. Nimemwekea alama ya chaki sakafuni, mkabala na mlango wa ua. Anaifagia kila asubuhi, nami kila jioni naichora upya.